Ratu Kasema Siku Yoyote

Binamu yangu Apakuki haelewani na Mungu kuhusu rangi ya majani.

"Kijani hiki kimepooza," husema, amesimama juu ya kilima chochote hapa Sigatoka, jicho moja kalifinya. "Usijali. Nitakirekebisha kwenye uhariri."

Kila kitu atakirekebisha kwenye uhariri! Mawingu atayafukuza. Farasi wangu aliyekonda atamnenepesha. Mwenyewe ana kitambi kinachofika mlangoni kabla yake, lakini kwenye video zake zote tumbo limenywea kama la mwanariadha. Tangu arudi kutoka Brisbane, alikokwenda kwa kozi fupi ya video na kurudi na kofia, anaamini dunia hii ni mali ghafi tu, Mola kaiacha nusunusu, na kazi ya kuimalizia kakabidhiwa yeye.

Nina haki ya kumsema. Mama yake ni dada wa baba yangu, na kwetu Fiji watoto wa kaka na dada ni watani tangu tumboni. Nisipomcheka, ukoo mzima utauliza kama naumwa. Ila safari hii alikaribia kumuua dada yangu kwa presha, na hapo utani ukaniishia.

Dada Vilisi aliacha kazi hotelini akaanzisha biashara yake. Anachukua watalii kutoka pwani, tunawapandisha farasi, nami nawaongoza hadi maporomoko ya maji ya Vunidakua. Farasi ni wetu. Maporomoko ni ya kijiji. Kijiji kikifunga njia, dada hana biashara. Ana wanyama wanaokula na kujamba.

Kwa hiyo tulikwenda kuomba njia kwa adabu zote, na mzigo wetu wa mizizi ya yaqona, inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima. Apakuki naye akaja na mitambo, maana Vilisi alitaka video ya kutangaza biashara.

Ratu Esala, mkuu wa Vunidakua, maana Ratu ni cheo, akiulizwa habari za njia huanza na babu aliyeifyeka. Alizungumza, akapumzika, akazungumza. Mwishoni akatamka tulichokuwa tunakisubiri: "Siku yoyote isipokuwa Jumapili, karibuni."

Yaqona ikachujwa, ikanywewa. Ratu kwanza. Kisha Savenaca, msemaji wake, mtu mwenye nyusi za kutisha. Kisha wazee, mmoja mmoja kwa cheo chake, hadi kikombe kikafika karibu na mlango, penye ndala zilizovuliwa, tulipokaa mimi na Apakuki. Akanisukumia simu.

"Nipige video nikinywa. Usipumue!"

Studio yake iko nyuma ya nyumba ya shangazi, kando ya mashine ya kufulia. Shangazi akikamua mashuka, meza inatetemeka na kazi inasimama. Yeye anapaita Idara ya Umaliziaji. Nilipochungulia kesho yake, nilimkuta kainamia kompyuta, maporomoko ya Vunidakua kayapaka bluu ya dawa ya kusafishia choo.

"Mtani, njoo ujifunze. Sekunde tatu za mwanzo ndiyo ndoano. Mtu asiponaswa hapo, kidole kinateleza, umempoteza."

"Mbona ndoano yenyewe ni wewe?"

Kioo chote kilikuwa Apakuki. Apakuki akiinua kikombe polepole. Apakuki akinywa. Tone likimshuka kidevuni, ngoma za vita zikilia.

"Uso wangu unauza."

"Unauza nini, dawa ya minyoo? Halafu huyu anayekunywa baada yako si Ratu? Umemtangulia Ratu!"

"Kwenye uhariri hakuna vyeo. Kuna mvuto."

"Kawaambie Vunidakua."

"Video ni ya watalii, bwana! Vunidakua wana kazi gani na video?"

"Dada ameiona?"

Akacheka kwa huruma, kana kwamba nimeuliza kama mwezi una mlango. "Mteja akiona kazi kabla haijatoka, anaanza kutia mkono. Ataiona pamoja na dunia."

Nikamwacha, nikaenda kuwapa farasi maji. Nyuma yangu akaendelea kukata. Alikata pumzi za Ratu. Alikata babu aliyefyeka njia. Mzee anayetamka neno kama anayelitoa sandukuni akawa anabwata kama mnadi wa mitumba! Na kwa kuwa video ilikuwa bado ndefu kidogo, na msemo wa mwisho ulikuwa bado na mkia, akakata na maneno mawili ya katikati. Mawili tu! Ratu wa video akawa anatabasamu na kusema, "Siku yoyote, karibuni."

Ikarushwa Ijumaa. Ikasambaa vibaya. Kurasa za wasafiri zikaichukua, zikaigawa kwa wenzao. Apakuki akatembea sokoni kifua mbele, akiwasomea wauza mihogo idadi ya watazamaji, hata wale waliokuwa wanamuuliza tu atanunua au anaondoka.

Jumapili tulialikwa kanisani Vunidakua. Mahubiri yalikuwa yamepamba moto pale tuliposikia gari. Halafu la pili. Halafu muziki!

Nikageuka. Wageni walikuwa wanashuka katikati ya kijiji na nguo za kuogelea, kofia kichwani, miwani ya jua, mmoja kakumbatia bata wa plastiki aliyejazwa upepo, mkubwa kuliko mchungaji. Mama mmoja wa kwaya alifumba macho akaendelea kuimba wimbo ambao haukuwa umeanza.

Savenaca alitoka mlangoni. "Jamani, leo ni Jumapili!"

"Tunajua, kaka!" mgeni mwenye bata akamjibu kwa furaha. "Lakini mkuu wenu amesema siku yoyote!" Akainua simu.

Sauti ya Ratu ikasikika kanisani, haraka haraka, ikiwakaribisha watu siku yoyote. Ratu mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, kafunga mdomo. Alijitazama kifuani, kama anayehakikisha sauti haijatoka kwake.

Video ikaisha, ikaanza tena yenyewe. Ngoma zikalia. Savenaca akainamia kioo, akamwona Apakuki anakunywa, kisha akamwona Ratu anakunywa. Nyusi zikapanda hadi karibu zitoke kichwani. Akageuka polepole kuelekea kwetu. Apakuki tayari alikuwa chini ya benchi, anatafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jumatatu njia ikafungwa. Vilisi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa jikoni na fulana mpya za biashara mapajani, zina jina lake, akizikunja na kuzikunjua. Kisha akamtazama Apakuki.

"Nenda karekebishe. Kwenye uhariri."

Apakuki aliifuta video, lakini nakala zilikuwa kila mahali, zinazaana. Ikabidi tufanye linalofanywa kwetu mtu akikosea hivyo: ukoo ukatafuta jino la nyangumi, tukaenda nalo kuomba msamaha. Baba alilishika kwa mikono miwili. Mzee wa watu, anaomba radhi kwa sababu ya kidevu cha mpwa wake! Nilitamani kumzaba Apakuki kofi hapohapo mkekani.

Savenaca akalipokea jino. Tukashusha pumzi. Yaqona ikachujwa, kikombe cha kwanza kikajazwa. Mbebaji akainuka nacho, akampita Ratu, akawapita wazee, akaja hadi mlangoni, akapiga magoti mbele ya Apakuki.

"Kunywa, Ratu," Savenaca akasema. "Au tumekosea? Sisi hatukusoma Brisbane. Tunafuata video."

Jasho lilimtoka binamu yangu hadi shati likabadilika rangi. Akageuza shingo kwangu. Mimi nikatazama dari, dari nzuri sana. Akakichukua kikombe, akatambaa nacho mkeka mzima, kitambi kinaburuta chini, akampelekea Ratu Esala kichwa kikiwa kati ya magoti. Wanawake wa Vunidakua walicheka hadi wakashikana.

Ratu akanywa, akajipangusa, akasema njia ya Vilisi imefunguliwa. Dada alilia waziwazi, nami nikalia kidogo, basi.

"Lakini wageni watakuja Jumapili," Ratu akaendelea, hana haraka hata chembe. "Kwa sababu nimewaalika. Kwa hiyo huyu atasimama njiapanda kila Jumapili, awarudishe. Amwambie kila dereva kwamba mimi sikusema vile, ni yeye aliyenikata. Hadi siku ambayo hatakuja mtu yeyote kwa ajili ya video hiyo."

Jumapili ya kwanza nilipita naye pale, nikampelekea maji kwa ajili ya shangazi tu. Gari likasimama. Mama mmoja wa Melbourne akashusha kioo, na Apakuki, kajifunga sulu yake, shuka ya heshima ya kiunoni, na tai, akakariri maungamo yake.

"Ulikata maneno gani?" mama akauliza.

"'Isipokuwa Jumapili.'"

"Kwa nini?"

"Ili iwe fupi."

"Yangechukua muda gani?"

Apakuki akatazama viatu vyake. "Sekunde moja."

Mama akapandisha kioo taratibu, akageuza gari. Kwa nyuma tuliona mabega ya waliomo yakitikisika kwa kicheko.

Yuko pale hadi leo. Katika video zote alizotengeneza maishani, hiyo ndiyo pekee iliyopendwa, na inazidi kupendwa. Juzi imefika Kanada. Kila asubuhi anafungua simu, anatazama idadi, anashika kichwa. Mtu aliyekuwa anaiomba dunia imtazame sasa anaipigia magoti iangalie pembeni, nayo haitaki.