Mikrobe za Ambroise

Lundi, tarehe 3 Juni 2024

Leo Davison, mutu wa kilimo, ametufundisha mboji hapa Mantapala, kambini kwetu wakimbizi. Majani makavu, maganda ya mihogo, mavi ya mbuzi, maji kidogo. Mikrobe, vile viumbe vidogo visivyoonekana, zinakula takataka, lundo linapata moto, mwisho udongo mweusi. Niliondoka kabla hajamaliza. Mutu mwenye akili hahitaji mwisho! Mupango wangu: mboji, kisha mboga ya majani, lengalenga nene, kisha jirani yangu Régine atakuja kuomba mboga. Ataingia. Atakaa. Tangu nivuke ziwa peke yangu, nakula nikitazama ukuta.

Jeudi, tarehe 6

Lundo lina moto! Asubuhi linatoa moshi kabisa. Nikakaa kando yake, nikaota joto. Nikaliamkia hata. Kisha, kwa kiburi, nikatangaza bombani kwamba nafuga mikrobe nyuma ya nyumba. Ole wangu! Kwetu mikrobe ni ugonjwa tu. Mwenze wa nyumba ya pili, asiye na hata ganda la ndizi, akaeneza kwamba Ambroise anafuga kolera. Kufika saa sita, njia ya kwangu tupu. Régine amefunga hata kuku wake. Naumia.

Samedi, tarehe 8

Dawa ya aibu: Javel, ile ya kufulia nguo nyeupe. Nimemwaga chupa nzima juu ya lundo mbele ya watu wote, ili mikrobe zangu ziwe safi. Mwenze akanyamaza. Muzuri! Jioni lundo baridi. Davison akatia mukono, akasema nimeziua zote. Zilitaka maji kidogo tu na kugeuzwa zipate hewa. Ndiyo ule mwisho wa somo. Nililia. Zilikuwa zinakula mabaki yangu bila kunicheka.

Régine akasikia kilio, akaja mpaka mulangoni. Akasema, "Baba Ambroise, kama unatafuta mutu wa kula naye, sema tu. Kesho njoo kwangu."

Dimanche, tarehe 9

Asubuhi nimepanga lundo jipya. Baada ya misa nikaenda kwa Régine. Bukari, ugali wetu, ya moto; chisense, samaki wadogo, za kukaanga; viti viwili. Nikamshukuru sana, nikaomba kubeba sahani yangu nyumbani. Akauliza kuna nini huko. Nikamweleza kwamba mikrobe bado changa, zina njaa. Akaifunika sahani, akanipa.

Nimemwaga bukari na chisense zote katikati ya lundo. Sasa nimekaa kando, mukono ndani. Bado baridi. Lakini lengalenga zikiota tu, Régine lazima atakuja.