Mbuzi Si Gunia

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimeanzisha Komite ya Kutetea Haki za Mbuzi. Rais: mimi, Zéphyrin Kanyamibwa. Katibu: mimi pia, kwa muda. Wanachama watakuja.

Sababu ni nzito. Jumatano iliyopita nilimpelekea mbuzi mama mkwe wangu, Mama Mukasine, kule Kirotshe. Kwa desturi yetu hawezi kumbariki mjukuu wake, binti yangu Umuhoza, aolewe kabla hajapokea mbuzi. Na mbuzi huyo lazima aingie uani kwa miguu yake. Wetu alifika nyuma ya pikipiki ya Léonard wa kituoni, amefungwa kichwa chini, amekufa. Mama Mukasine hakutaka hata nyama. Ametupa hadi Jumamosi, la sivyo posa ya Umuhoza inarudi ilikotoka.

Constance, mke wangu, anadai aliyemfunga mbuzi ni mimi. Nilifunga, sikatai. Lakini pikipiki ilikuwa ya nani?

Amebaki mbuzi mmoja. Redioni nimesikia kwamba huko ng'ambo watu hulala barabarani kutetea wanyama, na magari yanasimama. Hapa kwetu nani amewahi? Hakuna. Mimi ndiye wa kwanza. Kifua kimejaa!

Jumanne, 5 Mei

Nimetangaza mgomo. Nilisimama kwenye kituo cha pikipiki na gunia tupu nililoliandika kwa makaa: MBUZI SI GUNIA. Nikawaambia watu, kuanzia leo hakuna kupanda pikipiki yoyote inayobeba mbuzi. Bahati mbaya zote hubeba mbuzi. Kwa hiyo aliyegoma ni mimi peke yangu, na kilima nimekipanda kwa miguu, mihogo kichwani.

Motari wote, hao madereva wa pikipiki, walionipita walipiga honi. Wote! Sijawahi kuungwa mkono namna hiyo.

Léonard, mkubwa wa kituo, aliniuliza kama mbuzi atalipa nauli akikaa kwenye kiti. Wivu huo. Yeye anatawala pikipiki kumi na mbili tu, mimi mbuzi wote wa wilaya yetu ya Masisi.

Jumatano, 6 Mei

Siku kubwa! Nilipanga nibebwe hadi sokoni Kirotshe kama mbuzi, kichwa chini, ili watu waone aibu. Constance akauliza kama nimesahau yule mbuzi alifika katika hali gani. Mke wangu haelewi mikakati.

Dereva alikuwa Gisubizo, mchumba wa Umuhoza. Kijana anayeposa hamkatalii baba mkwe. Hilo nilikuwa nimelipima. Sikupima kwamba pia hawezi kumgusa. Kwetu hamshiki hata bega, sembuse kumfunga miguu! Alisimama na kamba mkononi, akitazama milima. Ikabidi nimwombe Léonard. Alinifunga kwa furaha kubwa mno. Mafundo mengine hayakuwa ya lazima.

Sokoni, umati! Shati limeniangukia usoni, sioni kitu. Mtu mmoja akasema huyu ni mwizi, fimbo iletwe. Nikapaza sauti: "Siko mwizi! Iko manifestation, maandamano!" Mama Généreuse, muuza nyama, akanibonyeza paja na kutangaza: "Huyu iko mifupa tupu. Mi nitatoa kuku moja." Mwingine akaongeza beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Naandika bila majivuno: sijasikia mbuzi wa kilima chetu aliyegombewa hivyo.

Halafu mtu akaniondolea shati usoni. Mama Mukasine alikuwa amesimama mbele yangu, uso kaufunika kwa kitenge. Mkwe wake, kitovu nje! Kwa heshima hakusema nami, alisema na kikapu chake: "Mumuambie mukwe wangu, mi niliomba mbuzi. Sikumuomba yeye." Na Jumamosi, akasema, iko palepale. Soko zima likacheka.

Niliona aibu, nakiri. Kama dakika tano hivi.

Ijumaa, 8 Mei

Constance ameamua: mbuzi aende kwa pikipiki, ndani ya kikapu, amekaa. Nikashuka kituoni. Léonard akanijibu kwa adabu sana kwamba kituo kizima kinaheshimu mgomo wangu. Hakuna pikipiki itakayothubutu kumbeba mbuzi wa rais.

Ushindi! Nimerudi nyumbani nikiimba. Constance akauliza mbuzi atafikaje sasa. Nilikuwa bado sijafika huko. Umuhoza aliacha chakula akatoka nje. Hilo liliniuma kweli.

Jumamosi, 9 Mei

Tumekwenda kwa miguu, mimi na mbuzi. Bila kamba, bila fimbo. Mbuzi huru! Mbuzi huru akaingia moja kwa moja kwenye maharage ya katekista, kisha ya jirani yake, kisha akarudi kwa katekista. Saa sita bado tulikuwa tunaliona paa la nyumba yetu. Saa saba akalala katikati ya barabara. Nilimbembeleza. Nilimsomea haki zake zote. Wapi!

Umuhoza alikuwa anatufuata kwa mbali muda wote. Alikuja, akafungua kitenge chake, akamfunga mbuzi mgongoni mwangu kama mtoto mchanga. Uso ule ulinitosha, nikainuka. Gisubizo alitukuta njiani, akazima pikipiki, akaisukuma nyuma yetu hadi Kirotshe. Kijana ana adabu, nitampa binti.

Saa kumi na moja tulifika. Nikamshusha langoni. Amepumzika vizuri, ameshiba maharage ya watu, akaingia uani kwa miguu yake akitikisa mkia. Vigelegele! Mama Mukasine amemwekea Umuhoza mikono kichwani na kumbariki. Wote wamelia, na mimi pia. Magoti yalikuwa yamekataa, kwa hiyo niliingia nikitambaa.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani watu wamenipa mikono. Isipokuwa katekista. Njia yangu imethibitika, nani atapinga sasa?

Baada ya misa ujumbe kutoka kwa wazazi wa Gisubizo: ng'ombe wa mahari wataletwa Jumamosi ijayo. Watatembea kutoka malishoni, siku mbili nzima. Siku mbili! Kwa miguu! Ukatili gani huu, na kwa jina la binti yangu?

Nimewaandikia barua rasmi, kwa jina la Komite. Ng'ombe wangu hawatembei. Kila mmoja abebwe, la sivyo lango langu halifunguki. Nikampa Umuhoza aisome kwanza, maana ana mwandiko mzuri na nataka nakala.

Analia tangu mchana, maskini. Si rahisi kuwa mtoto wa mtu mkubwa.