Moshi wa Mama Wachuka

Zeddy wa Nakuru hakuwahi kuiba. Alisema hivyo mwenyewe: watu walimpa vitu kwa hiari yao, na yeye hakuwa na roho ya kuwakatalia. Kitu pekee alichokipata kwa jasho lake kilikuwa baiskeli nyeusi yenye taa ya dinamo, na aliipenda kuliko alivyowapenda ndugu zake wengi. Asubuhi moja ya mwaka 1959 aliiegesha ufukweni Kamere, kwenye Ziwa Naivasha, kwa sababu alikuwa ameona moshi.

Moshi ulitoka kwenye boti ya Wachuka, mjane aliyeishi kwa uvuvi. Injini iliyofungwa nyuma ya boti ilikohoa, ikazima, ikawaka tena na kutoa wingu la buluu lililofukuza hata ndege. Zeddy alifurahi sana. Kiprugut, mwenye boti zake upande wa pili wa ziwa, alikuwa ametangaza kwamba atampa mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, yeyote atakayemletea injini nzima.

"Habari ya asubuhi, mama. Naona iko na kifua."

"Iko na kifua tangu Krismasi," Wachuka alisema. "Wewe ni daktari?"

"Fundi. Nimetoka karakana ya reli."

Hilo lilikuwa kweli. Alitoka huko akisindikizwa na askari.

Alifungua plagi, akaigeuza juani. Ilikuwa imelowa na kujaa masizi.

"Kwa petroli unatia oili kiasi gani?"

"Namimina mpaka roho iridhike. Mgeni hapikiwi kwa mafuta kidogo, na hii ndiyo inanilisha."

Zeddy aliinama ili asionekane akicheka. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilishiba oili tu. Plagi safi na mchanganyiko wa sawasawa, nayo ingeimba. Fundi mwaminifu angemwambia mama maneno hayo na kwenda zake. Lakini fundi mwaminifu hapewi mtamba.

"Pole, mama. Pistoni zimeoza."

"Chuma kinaoza?"

"Cha majini kinaoza. Mimi naweza kuichukua tu, nikutolee takataka."

Wachuka alikaa ukingoni mwa boti, akashika shavu. "Basi nimekwisha. Kama sivui, itabidi nichuuze mboga, na soko liko mbali." Alitazama baiskeli kwa muda mrefu. "Ama tuiwashe mara ya mwisho, fundi. Changanya oili wewe mwenyewe, unionyeshe huo uozo."

Zeddy alirudisha plagi upesi. Akichanganya vizuri, injini itaimba, na mama hataitoa tena.

"Hapana, mama. Itakulipukia."

"Basi niachie baiskeli."

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini wahenga hawakuahidiwa mtamba. Zeddy aliachia baiskeli. Moyo ulimuuma kweli, akabeba injini begani akafuata njia ya kuzunguka ziwa mpaka kwa Kiprugut.

Huko alisugua plagi, akapima oili kwa kijiko, akaifunga injini kwenye pipa la maji. Mtamba alikuwa kando, akitafuna. Kamba ilivutwa mara moja tu. Moshi hakuna. Injini ikaimba, Zeddy akatabasamu, kisha kitu kikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko, mpaka pipa likatembea.

Kiprugut aliizima bila haraka. "Umepunguza oili."

"Ndiyo."

"Ungeiacha. Oili ndiyo inaficha hiyo kelele. Beringi zimeisha."

"Umejuaje na hata hujaifungua?"

"Mimi ndiye nilimuuzia Wachuka, wakati wa Krismasi. Nilitia mkebe mzima wa oili. Akaona moshi, akadhani nimezidisha oili na mimi ni mjinga. Alinipa huyu mtamba, akaondoka mbio nisije nikageuza nia."

Zeddy alikaa chini. Kumbe mama alijua kabisa oili ile ilificha nini. Alimfikiria akiendesha baiskeli yake, na akatamani kulia. Halafu akafikiri zaidi. Mjinga akiona moshi kama ule angekimbia. Injini hii ilihitaji mnunuzi mwerevu, na Nakuru wamejaa.

"Mzee, uko na oili ya kuniachia?"

"Iko," Kiprugut alisema, akimwangalia miguuni. "Hivyo viatu ni namba ngapi?"