Brashi Tano za Kuanzia

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Binti yangu ameitwa kwenye majaribio. Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye saluni ile kubwa ya ghorofani yenye vioo mpaka kwenye ngazi. Wanamtaka mwanafunzi mmoja tu wa upambaji. Masharti mawili: kila mmoja aje na brashi zake, na aje na mtu wa kupambwa. Miaka miwili mwanangu amekaa nyumbani akiwapamba majirani kwa vidole na pamba, na kila aliyeinuka kwenye kiti chake aliondoka akijitazama kwenye vioo vya magari. Asipoipata nafasi hii, mama yake ameshaamua: atakwenda kwa shangazi yake kuuza mitungi ya gesi. Mtoto mwenye vidole vile!

Tatizo: hana brashi hata moja. Nilicheka peke yangu. Brashi! Mimi ni fundi rangi, mwaka wa ishirini na sita huu. Uso ni ukuta wenye pua. Nimemwambia aondoe shaka, baba yake yupo.

Shemeji naye alikuwepo, maana ilikuwa saa ya chakula. Huyu ni kaka wa mke wangu, wakala wa bima, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Akasema zawadi kama hiyo ni kazi ya mjomba. Ameona kwenye simu seti ya brashi thelathini na mbili, ndani ya sanduku la dhahabu. Thelathini na mbili! Hizo za kupamba uso au ukoo mzima? Nikatabasamu tu. Vita imeanza.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipodozi, mimi na binti. Nilijiandaa kumfundisha. Mpango wangu ulikuwa brashi mbili: moja pana ya kumaliza kazi haraka, moja ya kwenye kona. Muuzaji ni msichana mwenye nyusi zilizonyooka kuliko mistari yangu ya madirisha (hii ni shajara, naandika ukweli). Akasema kwa upole kwamba anayeanza hahitaji lundo. Tano zinamtosha: kubwa laini ya poda, ndogo yake ya mashavu, bapa iliyoshonana ya faundesheni, ndogo kabisa ya kope, na nyembamba iliyokatwa mshazari ya nyusi. Nyingine atazinunua siku kazi itakapozidai.

Nilitaka kubisha, lakini binti alikuwa ameshaanza. Sijawahi kuona! Kila brashi aliipitisha upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale penye ngozi nyembamba, macho kayafumba. Ikimchoma, anairudisha. Akaibonyeza kiganjani aone kama manyoya yanarudi mahali pake. Akayavuta kidogo aone kama yanang'oka. Akaitikisa sikioni asikie kama shingo ya bati imelegea. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ilinichukua miaka minne na makofi ya bosi wangu wa kwanza kujua kwamba brashi hukaguliwa shingoni. Alitumia nusu saa kuchagua tano, na muuzaji akamwuliza amewahi kufanya kazi saluni gani. Nikajifanya nasoma chupa ya mafuta ya nywele ili nisionekane nalia.

Nilimfundisha jambo moja: nyuzi za kiwandani kwa vitu vya majimaji, kwa sababu hazinywi, manyoya ya mnyama kwa poda, kwa sababu yanashika. Akasema ndivyo alivyokuwa akifikiri. Damu yangu hiyo!

Mfuko nimeubeba mimi. Nimemwambia nitazitayarisha.

Jumatano, 5 Machi

Brashi mpya haiingii kazini kabla ya kutolewa ukaidi. Kila fundi anajua. Ina gundi ya kiwandani, ina vumbi, ina nyuzi zisizo na msimamo. Sisi huiloweka, tukaipigapiga, tukaisugua kwenye ukuta mkavu. Shemeji angelijua hili? Hajui hata tofauti ya rangi ya mafuta na ya maji.

Saa nne: nimeziloweka zote tano kwenye mkebe wa maziwa. Thina safi kabisa ya kuyeyushia rangi, si ile ya kuoshea rola. Kwa binti yangu, kilicho bora tu.

Saa saba: nimeshuka kutoka kwenye dari. Mungu wangu.

Mipini mitano, uchi, rangi yote imebanduka. Manyoya yanaelea juu, yametulia, hayana habari na mtu. Ile bapa ya faundesheni imekuwa uji. Niliivuta ya poda kwa matumaini nikabaki na bati mkononi. Mwenye nyumba ninayempakia rangi alipita, akachungulia mkebe, akauliza napika nini. Nikasema ni utaalamu.

Nilikimbia dukani na ovaroli yangu. Muuzaji akasema zile zilikuwa za mwisho, mzigo mwingine unakuja Jumanne. Jumanne! Akauliza zile zimepatwa na nini. Nikasema zimependwa kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: gundi ya mbao. Nimekaa na kibano asubuhi nzima nikiyarudisha manyoya shingoni, moja moja. Kufika saa tano nilikuwa nimepanda kumi na manane, na yote yanaelekea upande mmoja. Nimeacha.

Mpango wa pili: kimya. Binti ameuliza brashi zake ziko wapi. Nikasema zinapumzika.

Jioni Shemeji akaja na sanduku. Ni la dhahabu kweli. Tena likifunguliwa linapiga muziki! Mke wangu akapiga makofi. Binti akamshukuru sana mjomba wake, akachukua ya kwanza, akaipitisha mkononi. Nilimwona akikunja uso kidogo tu, halafu akatabasamu. Adabu ile! Brashi ilimwachia nyuzi nne kwenye ngozi. Nilitaka kuimba. Nikaukumbuka mkebe wangu, wimbo ukaisha.

Shemeji akauliza za kwangu ziko wapi. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema basi mimi nina baraka nyingi, maana hata mlango wa choo nilianza kuupaka rangi mwaka juzi.

Ijumaa, 7 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, yangu imeishia chini ya sinki. Mke wangu ni muuguzi, pua yake haidanganyiki. Alifuata harufu ya thina mpaka akaufikia mkebe, na mipini mitano niliyoifunga kwenye gazeti. Akamwita binti. Akamwita na Shemeji, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Nilisema yote. Binti aliitoa mipini, akaipanga mezani kwa urefu wake. Afadhali angepiga kelele. Aliuliza tu niliziloweka muda gani. Nikasema kwa muda wa saa tatu. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka ziwe bora kuliko za wote. Akageukia dirishani, mabega yakawa yanatetemeka. Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi mara mbili, sikuumia hivyo. Niliogopa. Nimemfungia mwanangu mlango kwa mikono yangu mwenyewe, nikidhani namfungulia.

Halafu akafuta macho, akasema nimletee begi langu la kazi, na mjomba asogeze sanduku lake. Akamwaga vyote mezani. Akaanza upya: mkononi, kiganjani, vuta, tikisa. Brashi zangu ninazojivunia zilianguka moja baada ya nyingine. Ile pana ya inchi nne niliyoachiwa na bosi wangu hakuigusa hata kwa kidole, aliisukuma pembeni kwa mpini wa nyingine. Kwenye sanduku la dhahabu zikaanguka thelathini. Shemeji akaanza kueleza kwamba ni za kimataifa. Dada yake akamwambia anyamaze, mtoto yuko kazini. Na kweli alikuwa kazini! Chumba kizima tulikuwa tunamtazama yeye.

Mwisho zikabaki tano. Mbili za Shemeji, ya kope na ya nyusi. Tatu zangu, zote mpya. Kuna ile ya manyoya laini ya kufagilia vumbi kabla ya vanishi, niliyoifunga kwenye kitambaa miaka sita nikingoja mlango wenye hadhi yake. Hiyo ni ya poda. Kuna ndogo mbili za kuchorea mapambo ya ukutani. Moja akaiacha bapa kwa ajili ya faundesheni, nyingine akaipunguza kwa mkasi, kidogo kidogo, mpaka kichwa kikawa duara, ikawa ya mashavu. Akaziosha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, akazikamua kwa vidole, akazilaza juu ya taulo. Kuzilaza, si kuzisimamisha, ili maji yasiingie shingoni. Nilitaka kusema kwamba thina hukausha haraka zaidi. Mke wangu akanitazama.

Mimi tatu, Shemeji mbili. Naandika kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu kasoro robo akafika rafiki wa binti, ndiye aliyekubali kupambwa. Nilimpokea mlangoni. Nikamsimulia, kwa fahari, kwamba brashi ya poda imetoka kwenye begi langu la rangi. Ghafla akakumbuka ana miadi. Akashuka ngazi mbili mbili.

Binti alinitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama. Mama yake alikuwa zamu ya asubuhi. Tukabaki mimi na Shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake, akasema ngozi yake haipatani na poda. Basi nikavaa shati langu la harusi.

Saluni! Wasichana wanne wa majaribio, watatu wamekuja na warembo, mmoja kaja na mimi, ndevu za siku mbili. Kazi yenyewe ilikuwa uso wa sherehe, kamili. Mwenye saluni, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, aliniangalia juu ya miwani, akamwuliza binti kama ana uhakika. Binti akajibu kwamba akiuweza uso huu, hakuna utakaomshinda. Watu walicheka. Mimi pia, baadaye kidogo.

Naandika polepole sasa, nisisahau. Kwanza alininyoa. Halafu alinitazama tu, muda mrefu, kama ninavyoutazama ukuta kabla sijafungua kopo. Nikajua kumbe miaka yote alikuwa ananiangalia nikifanya kazi, na mimi nikidhani anatazama mbali. Akachukua ile bapa. Hakupaka: aligongagonga, kutoka katikati ya uso kwenda nje, kidogo, kisha kidogo tena. Mimi hutumia bega. Yeye alitumia ncha za vidole. Mpini aliushika mbali, karibu na mkia, brashi ikawa haina uzito. Kila akichota poda aliikung'uta kwanza, hakuna iliyomwagika. Wenzake wenye mikoba ya brashi arobaini walikuwa wanapekua wakiulizana ipi ni ya nini. Binti yangu hakutazama mezani hata mara moja. Mkono ulijua.

Nilifungua mdomo nimshauri kuhusu kona ya pua. Akaniambia, baba, funga, poda itaingia. Nikafunga. Machozi yakanilenga. Akaniambia niyazuie, wanja haujakauka.

Kisha kioo. Kope za rangi ya shaba! Mashavu yaliyopanda! Mikunjo ya jua imekwenda isikojulikana, nyusi zimekaa mkao wa heshima. Na bado ni mimi. Sitanii, nilikuwa mzuri. Nilijigeuza upande wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka nikaombwa nipishe kiti.

Mwenye saluni akamwuliza binti kwa nini ana brashi tano tu. Akasema ni hizi anazozijua, na akizijua nyingine ataziongeza. Yule mama akaichukua ya poda, akaipitisha upande wa ndani wa kifundo chake, akafumba macho. Vilevile kabisa! Akasema aje Jumatatu saa mbili. Binti yangu akasahau kwamba kuna watu, akanikumbatia, halafu akapiga kelele kwamba nimemharibia shavu. Akalirudishia palepale.

Nilirudi nyumbani kwa miguu bila kunawa, nikipita mitaa yote yenye watu. Fundi baiskeli aliangusha spana. Shemeji alikuwa mlangoni. Akasema nimependeza, halafu akakasirika kwa kuwa amesema.

Jumapili, 9 Machi

Sijanawa. Nililala chali kuilinda kazi. Bado kope ziko vizuri, ila ya kushoto imehamia kwenye mto.

Asubuhi binti aliniletea chai. Akanishukuru kwa brashi tatu na kwa uso. Akasema ana ombi moja tu maishani: kitu chake chochote, kabla sijakitayarisha, niulize kwanza. Nikamwahidi. Ni ombi la haki na nimelielewa kabisa. Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa: ULIZA KWANZA. Mtoto ana hekima, sijui ameitoa kwa nani kama si kwangu.

Kisha akataja kwamba wiki hii wanaanza na nywele, na kila mmoja aende na mashine yake ya kukaushia. Shemeji tayari yuko kwenye simu, anatafuta yenye vidhibiti saba. Maskini! Mimi ninayo, kazini, ile ya upepo wa moto ya kubabulia rangi kuukuu kwenye milango. Dakika mbili tu mlango mzima umeachia rangi. Nywele ni nini mbele ya mlango?

Nimekwenda kuichukua, nimeifuta vumbi, nimeijaribu kwenye ufagio wa mke wangu uliokuwa umelowa. Ulikauka kabla sijahesabu tatu. Sasa natoka kununua ufagio mwingine kabla hajarudi kutoka zamu, halafu nimpelekee binti habari njema.