Kambare wa Kumpendeza Mzee Dalmas

Jumatatu, 18 Machi 1957

Na ijulikane kwa wote: leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, mimi Were, mpishi wa nyumba hii ya Spring Valley, nimefungua rasmi Mradi wa Samaki. Mashahidi: Wambua wa bustani, na paka. Wambua hakupiga makofi. Paka alionyesha moyo zaidi.

Samaki ni wawili. Kambare, weusi, wenye sharubu. Nimewatia katika tangi la kioo la memsahib, lile alilofugia samaki wa dhahabu hadi wakafa wote. Ruhusa sikuomba. Yuko Mombasa na bwana mpaka mwisho wa mwezi, na si adabu kumsumbua mtu likizoni.

Chanzo cha haya yote ni Peres, yaya wa nyumba ya pili. Nataka kumwoa. Baba yake alikufa, kwa hiyo neno la mwisho ni la baba yake mdogo, Mzee Dalmas, fundi cherehani wa River Road. Mzee amesema binti hampi mtu ambaye mali yake yote ni aproni ya Mzungu. Peres aliponiletea habari hiyo, nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba nafuga samaki. Wengi. Mdomo huu!

Mzee anakuja Jumapili kuwaona. Nilitaka aje Jumamosi. Peres akasema Jumamosi mzee hagusi sindano wala hafungi safari, ndivyo alivyo miaka yote. Jumamosi nzima amekaa! Huyo fundi ana uwezo.

Kazi iliyopo: wawili wawe mia kabla ya Jumapili. Nimewapa majina. Chifu na Bibi Chifu.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna mayai. Nzuki, anayevua kwenye bwawa la kule Riruta, aliniapia kwamba yule mnene ni jike. Niliwabeba ndani ya debe nyuma ya baiskeli, nusu ya maji ikaishia kwenye suruali yangu. Leo wamekaa kila mmoja kona yake, kama mume na mke waliogombana mbele ya wageni.

Macharia aliyeleta mboga kutoka Waithaka alichungulia tangi, akarudi kinyumenyume hadi nje, akaziacha kabichi kwenye ngazi. Anasema kwao hicho si chakula, ni nyoka aliyeingia majini kujificha.

Wambua akataka kujua mimi na samaki tulijuana wapi. Nikamwambia mimi ni mtu wa ziwa. Akanikumbusha kwamba kwetu ni Bungoma, mahindi matupu. Akauliza hilo ziwa nimeliona mara ngapi. Mara moja, dirishani mwa gari moshi. Sikumwambia kwamba baadaye niligundua lilikuwa la Naivasha.

Jumatano, 20 Machi

Msiba! Chifu hayupo. Tangi lina Bibi Chifu peke yake, wala haonyeshi majonzi.

Nilimshuku paka. Nikampiga kofi moja. Kisha nikamshuku Wambua, nikaingia chumbani kwake na kunusa sufuria zake zote. Akanikuta nikinusa ya tatu. Aliniuliza kwa upole kama nimepoteza pua.

Saa sita nikamwona Chifu ndani ya kapu la mashati ya bwana yaliyonyunyizwa maji tayari kwa pasi. Mzima! Anahema kama mzee baada ya kula. Alitoka tangini, akavuka jiko lote kwa tumbo, akachagua shati la hariri. Nimemwomba radhi paka. Wambua bado.

Wambua anadai hilo si jambo geni. Kwao Machakos mto ukikauka, kambare huzama kwenye matope na watu huwachimba kwa jembe, kama viazi. Akaongeza kwamba hawatagi mpaka wasikie mvua na wapate majani mabichi majini. Nikamshukuru kwa ubaridi. Nikamwambia samaki si viazi.

Nimeweka kamusi nzito ya bwana juu ya tangi.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nimepata wazo langu mwenyewe. Mvua na majani.

Nikang'oa nyasi za bustani, nikazitia tangini. Nikapanda juu ya kigoda na kopo la kumwagilia maua. Nimewanyeshea masika ya saa mbili na nusu. Mkono umekufa. Jiko ni ziwa, hili la kweli. Wambua alisimama dirishani akauliza kama ninawabatiza, na msimamizi wa ubatizo ni nani. Nikamjibu kwamba hii ni sayansi. Akasema sayansi ile aliiona jana, ilikuwa yake.

Mara akaingia Peres. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka, na hapo nikaogopa. Aliniambia, "Were, usinitie aibu." Kuna karani wa posta, mwenye redio na meno mazuri, na mzee amekwisha kumsifu mara mbili. Mzee akiondoka hapa Jumapili bila kuona kitu, Jumatatu karani ataitwa.

Nikamwambia asihofu, nitamkaribisha mzee kwa chai nzito. Akasema chai niiache. Mzee hanywi chai wala kahawa, nimchemshie maziwa tu.

Tumbo dhaifu, bila shaka. Basi atahitaji kitu laini. Kitu kisicho na miiba mingi. Sikumwambia Peres. Itakuwa zawadi ya ghafla.

Ijumaa, 22 Machi

MAYAI! Mamia! Yamenata kwenye nyasi kama mtama uliomwagika. Nilicheza peke yangu jikoni. Paka akatoka nje.

Wambua akasema niwatoe wazazi upesi, watayala. Nikamuuliza ni baba gani wa kula watoto wake. Nikaenda kumenya viazi. Niliporudi nusu ya mayai haipo, na Chifu ana tumbo la chifu.

Nimewahamishia wote wawili kwenye bafu la memsahib. Wanapenda sana.

Jumamosi, 23 Machi

Asubuhi, hakuna kitu. Mchana, hakuna kitu. Nimekaa mbele ya kioo kama anayesubiri jibu la barua. Saa kumi na moja jioni uzi mmoja ukatikisika. Kisha wa pili. Kisha tangi lote! Vijisamaki vyembamba, vinacheza, havihesabiki.

Nimemwita Wambua aone. Aliinama muda mrefu. Akasema, "Kumbe wewe!" Nimeyaandika hapa maneno hayo ili asije akayakana.

Jumapili, 24 Machi

Naandika kwa mkono mzito.

Mzee Dalmas alifika saa sita, koti na kofia, amevishona mwenyewe. Peres nyuma yake, leso mpya. Nikampeleka mzee moja kwa moja kwenye tangi. Akavaa miwani. Akatazama. Nikamwambia wiki iliyopita walikuwa wawili. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema kijana huyu ana subira, na mtu mwenye subira anaweza kukaa na mke. Peres akanitazama kwa namna ambayo karani wa posta hajawahi kutazamwa.

Hapo ningenyamaza! Hapo ningeleta maziwa na kufunga kinywa!

Badala yake nikamvuta mzee mezani, nikafunua sahani. Chifu. Mzima mzima, kichwa na sharubu, amekaangwa kwa nyanya na vitunguu. Mzee akamtazama Chifu. Chifu akamtazama mzee.

Mzee akauliza kwa sauti ndogo magamba yako wapi. Nikacheka, nikamwambia hiyo ndiyo raha ya kambare, mwanamke hasumbuki kuparua. Akavua miwani. Akasema, "Kijana, mimi ni Msabato tangu mwaka wa thelathini na moja. Samaki asiye na magamba kwetu si chakula." Akanitajia sura ya Maandiko inayotaja wanyama walio najisi, akasema nianze mstari wa tisa. Kisha akaelekeza kidole kwenye tangi, akauliza kama wale nao wakikua wataota magamba.

Nikasema nitaulizia.

Peres alijifunika leso uso mzima. Baadaye, nje, akaniambia kwamba alisema mzee anakuja kuona, nani alisema anakuja kula? Nikamuuliza mbona hakuniambia dini ya mzee. Akasema Jumamosi hatoki, chai hanywi, nilitaka apigiwe na kengele?

Lakini mzee ni mtu mwema. Alikunywa maziwa yote. Pale langoni akasema subira ameiona, kwa hiyo karani angoje. Atarudi baada ya Pasaka. Nimwonyeshe nafuga kitu ambacho Peres anaweza kukiweka mezani kwake bila aibu. Mara hiyo itakuwa ya mwisho.

Jumanne, 26 Machi

Mambo yametengenea. Wambua alimla Chifu kwa ugali, akasema amepungua chumvi. Nzuki amekuja na debe, amemrudisha Bibi Chifu bwawani pamoja na ukoo wake wote. Bafu nimelisugua mara nne. Bado linanuka Riruta.

Jana nilisoma ile sura, kuanzia mstari wa tisa kama nilivyoagizwa, mpaka mwisho, neno kwa neno. Sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa maji! Anayetakiwa ni mnyama wa nchi kavu. Msafi, mkimya, mla majani, anayezaa bila kumwagiwa mvua na kopo. Na katika yote niliyoyasoma, huyu niliyemchagua hakutajwa popote.

Leo asubuhi Macharia ameniletea wawili chini ya kabichi, dume na jike. Safari hii aliingia mpaka jikoni na kuwashika masikio. Nimewatandikia nyasi kwenye tangi la memsahib, wameenea kama waliopimiwa. Nimemtumia Peres salamu kwamba mzee atashangaa.

Wambua aliomba nimwazime Maandiko. Yeye husoma sura kuanzia juu. Aliyaacha wazi mezani, alama ya kidole chake chenye udongo ikiwa pembeni, akarudi kwenye maua yake.

Sungura yuko mstari wa sita.