Presha Kumi na Nne Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Presha ya damu kumi na saba; ya mtu mwenye afya ni kumi na mbili. Daktari Grâce amenikataza kupanda miti ya mitego ya samaki, iliyosimikwa juu ya maporomoko, mpaka presha ishuke hadi kumi na nne. Anasema moyo umepanuka, na mtu akizimia pale juu, maporomoko hayamrudishi. Ajabu! Nimezaliwa kwenye maporomoko hayo.

Jumapili ukoo unashusha vikapu majini. Nisipopanda, nafasi ya marehemu baba inachukuliwa na Bavon, mtoto wa baba mkubwa. Bavon! Jana alipanda, akafika katikati, akasimama amekumbatia mti, eti anatazama maji. Maringo matupu.

Jumanne, 10 Septemba
Nimepanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Kabondo kwa Tonton Timothée, muuza mizizi. Chupa moja, maji meusi, uchungu wa kuliza. Kikombe kimoja asubuhi; viwili kama shida ni kubwa. Akanionya nisichanganye na vidonge vya hospitali. Nimetii. Vidonge nimevificha kwenye kopo la ndoana.

Mke wangu Ursule kanusa, kauliza ni nini. Dawa ya minyoo, nikasema. Akanikumbusha kwamba ya minyoo nilikunywa mwezi jana. Mwanamke huyu hasahau kitu.

Alhamisi, 12 Septemba
Kumi na tisa! Imepanda!

Daktari kaniuliza: “Papa Octave, iko dawa ingine unakunywaka?” Non, docteur. Na zetu za hospitali, kila siku? Kila siku, docteur. Akanitazama, akaandika: vidonge mara mbili. Niliona haya. Ilinipita nilipofika barabarani.

Miguu imevimba, viatu haviingii. Kupanda ngazi za kanisa nimepumzika mara tatu. Naogopa. Naandika hapa tu: naogopa sana. Lakini kumwona Bavon juu ya mti wa baba naogopa zaidi.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimepata akili. Kumbe kosa lilikuwa kuchagua. Leo nimekunywa vyote: vidonge mara mbili, na vikombe viwili vya Timothée. Umoja ni nguvu.

Kichwa chepesi. Nadhani ndiyo afya yenyewe.

Jumamosi, 14 Septemba
Tisa! Nilihitaji kumi na nne, nimeleta tisa! Nikangoja pongezi.

Daktari hakupongeza. Alipima tena mkono wa pili, akauliza swali lake lile lile. Non, docteur. Akaniamuru nilale kitandani, nisiinuke. Nikaomba kwenda kukojoa, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Watu wa ukoo nimewaambia daktari ameridhika. Kesho napanda.

Jumatano, 18 Septemba
Niko hospitali. Ndiyo leo nimeweza kuandika.

Jumapili nilifika juu. Nakumbuka kamba ya kikapu mkononi. Nakumbuka maji yakigeuka meupe, kisha meusi. Nasikia Bavon alinidaka mshipi wa suruali nikining'inia, akanishusha mti kwa mti mpaka kwenye jiwe. Ursule alikuwa ukingoni, anaona yote. Bavon akaniweka chini, akashika kifua, akaanguka kando yangu.

Yuko kitanda cha pili. Moyo! Miaka miwili anauficha. Siku ile alipokumbatia mti hakuwa anatazama maji, alikuwa anatafuta pumzi. Naye aliogopa ukoo ungempokonya nafasi ya baba yake. Nililia nilipojua. Naye alilia. Tukageukia ukuta, kila mmoja wake.

Ursule alileta chupa na kopo la ndoana mbele ya daktari. Daktari hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha. Alisema mizizi ile na vidonge vile, pamoja, vilikaribia kuusimamisha moyo. Ursule akaniambia: “Octave, nilikuwa nimeshaanza kukulilia.” Nimeapa kwa Biblia yake sitagusa mizizi tena. Bavon kaapa baada yangu, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Ijumaa, 20 Septemba
Habari mbaya. Ukoo umempa Noël, mdogo wake Bavon, nafasi zote mbili. Hata kufunga kamba hajui!

Bavon ananong'ona kwamba Timothée ni mwongo. Yeye ana chupa kutoka Yanonge, gome halisi la mti, imo chini ya godoro lake. Nikamkumbusha kiapo. Akasema tuliapa kuacha mizizi. Gome si mzizi. Hapo nimeona ana akili, ni damu yetu.

Saa nne daktari alipita. “Ba papa, iko kitu ingine munakunywaka?” Tukajibu pamoja, kama kwaya: non, docteur.

Bavon amekunywa kikombe kimoja. Mimi viwili. Hawezi kunitangulia.