Kuhusu Mtandio wa Wifi Yangu Uliochukuliwa na Upepo

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Madereva wa Magari ya Mchangani,
Huacachina, Ica.

YAH: KUVULIWA MSIBA KWA WIFI YANGU BILA IDHINI YA FAMILIA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mchanga umekutoka masikioni. Mimi ni Eudocia Huarcaya, dada wa marehemu Fortunato Huarcaya, yule fundi saa wa karibu na soko. Sijaolewa, sigombani na mtu, wala siandiki barua ovyo. Ya mwisho nilimwandikia paroko kuhusu kengele, na kengele ikatengenezwa.

Kaka yangu alifariki Julai. Tangu siku hiyo mimi na mjane wake, wifi yangu Zenaida, tunavaa weusi, nyumba moja, meza moja. Unajua mwenyewe kwamba kwetu weusi hauvuliwi kiholela. Mwaka ukitimia husomwa misa, kisha msimamizi aliyechaguliwa na familia humvua mfiwa mtandio mweusi mbele ya watu, humpa nguo ya rangi, hucheza naye, na tangu hapo msimamizi huyo ni ndugu wa nyumba. Sasa ni Machi tu, na wifi yangu yuko uani anaanika gauni la maua. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu ndege. Safari ya wifi ilianzia Paracas asubuhi, kwa mashua ya kwenda visiwani kutazama wanyama. Tiketi ilitoka kwa binti yake, Yesenia, aliyeko Lima, maana watoto wa Lima hudhani huzuni ni ugonjwa wa kukosa upepo. Najua mashua si zenu, lakini safari ni moja na nyinyi ndio mliomalizia kazi. Walipopita chini ya majabali, ndege mmoja akamwaga kinyesi kwenye mtandio wa wifi, cheupe, kingi. Abiria wakampongeza, ati ni bahati. Bahati siipingi. Lakini kwetu weusi uliochanganyika na weupe ni nusu msiba, na mjane huingia nusu msiba kwa ruhusa ya wakubwa wa nyumba. Ndege yule hakuniuliza.

2. Kuhusu simba wa bahari. Juu ya mwamba lilikaa dume moja nene katikati ya wake zake, kifua mbele, linanguruma, na hakuna hata mke mmoja anayelisikiliza. Wifi akasema kwa sauti, "Jamani, mtazameni Fortunato siku ya sikukuu!" Mashua nzima ikacheka, na yeye akawashinda wote. Nimeyaona haya kwenye video ya simu, ambayo mtaa mzima umeiona kabla yangu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kufanana kupo.

3. Kuhusu dereva wenu, Wilmer Uchuya. Alasiri, huko kwenu, alimkalisha wifi kiti cha mbele kwenye lile gari la mabomba lisilo na milango. Akamuuliza, "Mama, twende polepole au twende kama watu?" Wifi, ambaye nyumbani hapandi ngazi bila kushika ukuta, akajibu, "Mwanangu, mimi nimeshazika mume. Utanitisha na mchanga?"

Basi wakaenda kama watu. Kwenye mteremko mkubwa upepo ukaukamata mtandio. Wilmer akaudaka kwa mkono mmoja, ukatoka kichwani mwa wifi, ukamponyoka, ukaenda zake kuelekea jangwani. Watalii kutoka Chile wakapiga makofi. Sasa nikuulize: mkono wa mtu umeuondoa mtandio mweusi kichwani mwa mjane, mbele ya mashahidi, na watu wakashangilia. Hapo kimepungua nini isipokuwa padri? Kwa desturi, Wilmer ndiye msimamizi, na mimi, nikiwa nimekaa jikoni kwangu nachambua maharage, nimepata ndugu anayeingia kanisani na miwani ya jua. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

4. Kuhusu ubao. Baada ya hapo wifi alilala kifudifudi juu ya ubao wa kutelezea mchangani, akateleza mpaka chini. Kisha akapanda tena! Huyu ndiye ambaye kiuno hakimruhusu kuokota kijiko. Jioni alirudi na mchanga hata kwenye nywele, akala sahani mbili, akalala. Kwa miezi yote hii nimekuwa nikimsikia akilia upande wa pili wa ukuta, nami humgongea ili ajue nipo. Usiku huo niligonga kwa mazoea. Nikajibiwa kwa mkoromo.

5. Hili la mwisho nalisema wazi. Mjane aliyevaa weusi hahami nyumba. Aliyevaa maua huhama, na Yesenia ana chumba kitupu Lima. Wifi akienda, nitabaki na picha ya kaka yangu na kiti chake. Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Huzuni hii tuliibeba wawili na ilikuwa nzito. Siiwezi peke yangu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: usimamizi wa Wilmer ubatilishwe, kwa kumpandisha wifi mteremko ule ule kinyumenyume, taratibu, akiwa na mtandio mpya mweusi. Pili, mlima ule upunguzwe ufikie kimo kinachofaa wajane. Tatu, wakati mkiendelea kuchota mchanga, liwekwe bango: WAFIWA WASIPANDE. Mkishindwa nitamwandikia askofu, na askofu akishindwa, nitakuja na koleo langu.

Nisalimie madereva wote, mafundi wao, na yule mama anayeuza vinywaji pembeni mwa ziwa. Wilmer naye msalimie, ila kidogo.

Ni mimi, katika msiba ambao kwa upande wangu bado unaendelea,

Eudocia Huarcaya

Baada ya sahihi: Wifi amekuja kuichukua barua aipeleke posta, kwa sababu ya magoti yangu, na ameisoma yote bila haya. Nikaona nimuulize nililokuwa naliogopa. Kwenye video, kule kileleni, anaonekana amepanua mdomo anapiga kelele, lakini unasikika upepo tu. Alikuwa anasema nini? Akaniambia, "Nilikuwa namwita kaka yako. Fortunato, njoo uone! Ulisema utanileta huku tangu uchumba wetu, na mpaka unakufa hatukuja." Tukalia wote wawili mpaka chai ikapoa. Kisha akanishika mkono akasema, "Na Lima nani kakwambia naenda? Nikafanye nini, wifi, nikahesabu magari?"

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, msimamizi wa mjane hutafutwa mapema. Wa dada wa marehemu hakuna anayemkumbuka. Tafadhali acheni mlima ulivyo. Kama Wilmer ana nafasi Jumamosi, tuwekeeni viti viwili, na cha mbele kiwe changu. Nitakuja na weusi wangu wote. Mtandio sitaukaza sana.